Dua Mbili za Jino Moja

Maalim wa duksi, chuo cha Kurani anakosoma binti yangu, alikuja nyumbani mwenyewe, akasimama mlangoni bila kuvua viatu. Nikajua mambo si mazuri. Mtu anayekuja kwa heri huvua viatu kwanza, kisha huuliza kama kuna chai.

"Mama," akasema, "leo binti yako ameniuliza kitu mbele ya darasa zima. Ameniuliza, dua ya Muislamu na dua ya Mkristo zikifika kwa Mwenyezi Mungu kwa wakati mmoja, hupokewa ipi kwanza."

"Ukamjibu nini, Maalim?"

"Watoto wote walinitazama. Hata wale ambao hawajapata kunitazama tangu waanze chuo." Akafuta jasho. "Nikasema turudi kwenye alifu."

Niliinama kama ninayetafuta sindano sakafuni, ili asinione ninavyocheka.

Kisa chenyewe kilianzia Mombasa. Mimi nilibebwa kutoka Kismayu mgongoni mwa mama yangu, nikiwa sijui hata kutembea, wakati watu wetu walipokimbia vita. Nikakulia Mombasa, nikaolewa huko, na binti yangu akazaliwa huko. Mama akarudi Kismayu kabla yetu, akasema amechoka kuwa mgeni. Alipoanza kuumwa na magoti, mimi na binti yangu tukamfuata, nikabeba na cherehani yangu. Mume wangu akabaki na kazi yake Mombasa, akawa anatutembelea.

Kule Mombasa tulikuwa tumepanga chumba kando ya mama mmoja wa Kikamba, mwimbaji wa kwaya. Mfereji wetu ulikuwa mmoja. Idd nilimpelekea pilau, Krismasi akaniletea chapati, na siku za kawaida tuligombana juu ya kamba ya kuanikia nguo. Binti yake na wangu walikuwa rika moja, na walikuwa kama kidole na ukucha. Tulipohama walilia mpaka tukawaahidi kwamba watazungumza kwa simu. Tangu hapo simu yangu si yangu. Nikiifungua nimsikilize mteja anayetaka gauni, nakutana na sauti za watoto wawili wakihadithiana habari za paka.

Sasa ikatokea wote wawili wakang'oka jino la mbele, la juu, wiki ile ile. Wakatumiana picha za mapengo. Kisha yule wa Mombasa akatoa wazo: kila mmoja aombe Mungu kwa njia ya kwao, waone jino la nani litaota kwanza.

Mimi niliyajua hayo baadaye, niliposikiliza sauti zao huku nikipinda ukingo wa buibui.

"Sisi tunaomba kwa jina la Yesu," mwenzake alisema. "Nyinyi mnaombaje?"

"Tunamwomba Mungu."

"Moja kwa moja?"

"Moja kwa moja."

Kisha mwenzake akauliza kwa huruma ya kweli, "Na laini mnapata?"

Binti yangu hakulipenda swali lile. Akaja kwenye cherehani, akasimama mbele yangu.

"Mama, Yesu ndiye Nabii Issa?"

"Ndiye."

"Mwana wa Bi Maryamu?"

"Ndiye huyo."

"Basi hata sisi tunaye!"

"Tunaye, na tunampenda. Lakini hatusemi juu yake kama wanavyosema wao."

"Wao wanasemaje?"

Nikajichoma kidole. "Wanasema ni Mwana wa Mungu. Sisi tunasema Mungu hakuzaa wala hakuzaliwa. Si unaisoma kila siku kwenye sura?"

Akaisoma palepale, haraka, kwa Kiarabu, tangu mwanzo mpaka mwisho. Kisha akafungua mdomo na lile pengo lake. "Kumbe ndiyo maana yake!"

Alikuwa akiisoma sura ile tangu ana miaka minne.

Nilifikiri yameishia hapo. Kabla sijakata uzi, akawa ameshachukua simu na kumtumia sauti mama wa mwenzake, yule mwanakwaya. Niliwahi kusikia sehemu ya mwisho tu: "...wewe unasema Mungu ana mwana, mama yangu anasema hana. Sasa kati yenu nani amekosea kuhesabu?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Miaka yote ya mfereji mmoja sikuwahi kumgusia yule mama habari ya dini, wala yeye hakunigusia. Tulikuwa tunazunguka jambo hilo kama watu wanaozunguka jiko la moto lililo katikati ya chumba kidogo. Nikakaa na simu mkononi nikingoja, gauni la watu limelala.

Jibu lilipokuja lilianza na kicheko kirefu.

"Mwanangu, swali hilo nilimuuliza mama yangu nikiwa kama wewe, nikapewa sufuria nisugue. Sasa nisikilize. Sisi tunamwita Mungu Baba kwa sababu tunaamini anatupenda kama mzazi. Na tunaamini Yesu alikuja kutuonyesha huo upendo kwa macho. Mama yako naye amekufundisha wanavyoamini kwenu, na wewe mfuate mama yako. Ukikua utauliza zaidi. Umesikia? Haya, na hilo pengo unalisafisha?"

Binti yangu alisikiliza mara mbili. "Hajasema nani amekosea," akasema.

"Hajasema," nikamjibu. "Nenda kasafishe pengo."

Mama yangu, bibi yake, alikuwa akiyasikia yote haya kutoka kitandani kwake. Yeye mbele alikuwa amebaki na meno ya kuhesabika. Akaita, "Na mimi niingizeni kwenye hayo mashindano!"

"Bibi, yako hayaoti tena!"

"Kakwambia nani? Kwa Mungu mtu mzima ni mwana tu." Akainua mikono, akaomba meno yote ya juu, na ya chini kama yatawezekana.

Huko ndiko lilikotoka swali lililomleta Maalim mlangoni petu. Nilipomweleza kisa chote, mashindano na yote, akakunja uso zaidi. Ndipo mama akajikongoja kutoka chumbani.

"Wewe," akamwambia, maana alimjua tangu mtoto, kabla ya vita, "umesahau ulivyomuuliza maalim wako kama shetani alikuwa na mama?"

Maalim akashtuka. "Bibi, hayo ni ya zamani."

"Ukapigwa, ukaja kulia kwangu, nikakupa halua. Na swali hukujibiwa mpaka leo."

Maalim akatazama chini. Mabega yake yakaanza kutikisika, kisha kicheko kikamtoka. Akavua viatu, akaketi, akauliza kama kuna chai.

Alikunywa vikombe viwili kabla ya kusema jambo la maana. "Mwambie binti yako kwamba Mungu hapangi watu foleni. Wakisema wote kwa pamoja anawasikia wote kwa pamoja. Foleni ni yetu sisi, kwa sababu masikio yetu ni mawili tu." Kisha akaongeza, "Bora nimwambie mwenyewe kesho. Sitaki waseme nimeshindwa na mtoto mwenye pengo."

Na kweli kesho yake akasimama darasani akalijibu. Binti yangu alirudi ameridhika, akasema Maalim anajua mambo ila huchukua muda.

Jino la mwenzake ndilo lililotangulia. Picha ilikuja mchana: mdomo umefunguliwa mpaka kooni, na kwenye ufizi kitu cheupe kama punje ya mchele. Binti yangu aliitazama picha, akaenda kwenye kioo, akarudi, akakataa anjera, ile mikate yetu laini ya kumimina, na supu, ambavyo siku zote hupigania.

"Mungu anawapenda wao zaidi," akasema.

"Mungu hashindani, mwanangu."

"Mbona sisi tulishindana?"

"Nyinyi ni watoto."

"Lake liling'oka mapema!" mama akadakia kutoka chumbani. "Mwambie lake lilitangulia kung'oka!"

"Kwa siku moja tu, Bibi!" Akalia kwa sauti. Ningeweza kumwambia habari za ufizi na maziwa, lakini yeye hakuwa akiulizia ufizi.

Alasiri ikaja sauti nyingine kutoka Mombasa, ya chini, kama ya mtu anayejificha.

"Langu limeota, sasa sina cha kuomba. Nimeanza kuliombea la kwako. Lakini mimi najua kuomba kwa jina la Yesu tu. Nikiomba hivyo ni sawa, au nitaliharibu?"

Binti yangu akanitazama. Mimi nikatazama cherehani. Nadhani alinionea huruma, kwa maana hakuniuliza. Alifuta machozi, akabonyeza simu.

"Omba unavyojua wewe. Na mimi nitaomba ninavyojua mimi. Lakini usivute kwa nguvu."

Kisha akala anjera yake na kipande cha yangu.

Jino liliota. Liliota upande upande, limeegemea lenzake kama mtu aliyelala safarini. Nikamleta mlangoni kwenye mwanga, nikalitazama, nikajizuia. Yeye akaliona kwenye kioo, akaikimbilia simu.

"Si nilikwambia usivute!"

"Sikuvuta!" mwenzake akajibu. "Mimi niliomba polepole! Labda ni wewe uliyelivutia kwenu!"

Nyuma ya sauti ile nikamsikia mama yake akicheka mpaka akakohoa. Mimi huku nilikuwa nimejifunika uso kwa kitambaa cha mteja. Siku hiyo tuliongea sisi wawili kwa muda mrefu, na kwa mara ya kwanza aliniuliza funga yetu ikoje, na mimi nikamuuliza kwa nini Ijumaa ya Pasaka huwa hapiki nyama.

Siku chache baadaye nilikuwa nikimsuka nywele binti yangu uani. Alikuwa ametulia, jambo ambalo lilipaswa kunitahadharisha.

"Mama, mwenzangu ataingia peponi?"

Mikono yangu ikasimama. Swali hili halikuwa na mzaha ndani yake. Nikafikiria chapati za Krismasi, nikamfikiria mtoto aliyeomba jino lisilo lake.

"Hilo analijua Mungu peke yake," nikasema.

"Basi nitamuuliza mwenyewe."

Akajinasua mikononi mwangu na nywele nusu zimesukwa na nusu zimesimama. Akaelekea kibla, akainua mikono, akanong'ona maneno mengi sana. Nilisikia jina la mwenzake, na baadaye kidogo nikasikia tena. Alipomaliza akajipangusa uso.

"Umejibiwa nini?" nikamuuliza.

"Bado," akasema. "Si ndiyo kwanza nimemuuliza?" Akatoka mbio kwenda kucheza, nikabaki na kitana mkononi.