Mgaya na Fimbo Mbili za Gofu

Leo kaka yangu amefukuzwa kazi kwa kusema kweli.

Nimebandika karatasi hii ukutani, hapa hotelini Mlandege. Mwenye la kusema aandike chini.

Mnamjua, ni Mgaya wa Kihesa. Miaka kumi na miwili amembebea Mzungu mmoja mfuko wa fimbo za gofu.

Asubuhi Mzungu alileta fimbo mpya ya kuanzia mchezo. Mpini wake mgumu, uso wake umesimama wima. Kila mpira ulitambaa majanini, na wageni wake wakacheka.

Mgaya akasema kwa upole, "Bwana, mkono wako ni wa polepole. Mpini huu haupindi. Chukua ile ya zamani, ina mpini laini na uso umelala kidogo. Itauinua mpira."

Mzungu akaichukua, akapiga. Mpira ukapaa mpaka ng'ambo ya korongo!

Makofi. Mngedhani zawadi inakuja, sivyo?

"Umejuaje?" Mzungu akauliza.

"Nilizijaribu zote mbili, Bwana. Leo alfajiri, kabla hujaja."



Kumbe Mwafrika kubeba fimbo ni halali, kuipiga ni kosa! Mzungu akampokonya mfuko, akaubeba mwenyewe, akamwambia asirudi tena.

Nimekwenda Kihesa nikiwaka, barua ya gazeti iko tayari kichwani.

"Acha kwanza, mdogo wangu," Mgaya akanizuia. "Mpira wangu wa alfajiri ulikwenda mbali zaidi kuliko wake. Na hakuna aliyeuona."

Kisha akalia, mtu mzima yule, mbele ya mkewe.