Mwanahawa Ateka Sufuria ya Pilau

Mwanahawa si mtu wa makelele. Miaka yote ya ujane wake ameshona madera pale Gongoni, na kwa cherehani hiyo hiyo akainua kijumba cha vyumba viwili kwenye viwanja vipya, nje kidogo ya mji wa Tabora. Basi masika yale mvua ikataka kukila.

Kisa chenyewe ni ukuta. Wahenga walishanena, maji hufuata mkondo. Lakini mzee Abbasi, mstaafu wa reli na jirani yake wa upande wa chini, alijenga ukuta juu ya mkondo wenyewe! Mvua ya kwanza tu, maji yakakosa njia, yakamrudia Mwanahawa hadi uvunguni mwa kitanda. Msingi ukapata ufa. Ikija mvua nyingine kubwa, nyumba chini. Akamweleza Abbasi kwa upole. Mwenyekiti wa mtaa naye akaja kumweleza. Jibu likawa moja: "Kiwanja changu, nina hati." Ebo! Kwani mvua inasoma hati?

Roho ilimuuma Mwanahawa, akalia sana. Kisha akakumbuka: Abbasi ni Mzaramo, yeye Mnyamwezi. Ni watani hao, tangu babu zao walipokutana kwenye njia ya misafara ya pwani, Wanyamwezi wakibeba mizigo. Na mtani akikutania, ukinuna umejiaibisha.

Siku Abbasi anamwoza binti yake, wageni wamekaa mikekani, Mwanahawa akaingia, akampokonya mpishi mwiko, akaketi mbele ya sufuria ya pilau.

"Haipakuliwi! Mzaramo huyu kanilaza na vyura. Ukuta wake ukishatobolewa, mtakula."

Watu wakaangua kicheko. Abbasi uso ulimwiva, akawatazama wakwe, akacheka kwa shida.

"Nyie wapagazi njaa tu inawasumbua! Kula, uende zako."

"Njaa ninayo, na mwiko ninao."

Wakwe wakaanza kupiga makofi: "Toboa! Toboa!" Abbasi akavua kanzu, akaagiza nyundo, akatoboa mwenyewe chini ya ukuta, jasho likimtoka. Kesho yake akachimbisha mfereji uani kwake mpaka kwenye kalavati ya barabara.

Mvua iliyofuata ilishuka alasiri, ya radi na upepo. Mwanahawa alikaa kitandani, moyo juu, macho sakafuni. Mlango ukagongwa. Alikuwa Abbasi, ameloa chapachapa, jembe lenye tope la mfereji mkononi.

"Mtani, hujafa?"

"Sijafa, mtani. Pita ndani, ni pakavu."