Kanda ya Doto Ilipokataa Kusoma

Nakumbuka, mwanangu, Jumapili ile mchana tulipojazana ndani ya banda la video la Baba Shija pale Katoro, ndugu wamekaa mbele, majirani nyuma, na wachimbaji wa dhahabu waliotoka mashimoni wanachungulia penye pengo la mabati, wote tukisubiri kumwona pacha wangu Doto akiolewa Marekani.

Nimeikumbuka kwa sababu yako. Jana ulinipigia simu umekasirika. Ulisema video uliyopakua imekataa kuingia kwenye programu yako ya kuhariri, na mwenzako wa kazini aliyekutumia ameiharibu makusudi, ili abaki yeye peke yake anayependwa na bosi. Sikukujibu pale pale. Nimeona nikuandikie, maana jambo hili nalijua kwa pande zote mbili, upande wa mashine na upande wa moyo.

Mimi ndiye Kulwa, niliyetangulia kuzaliwa, Doto akanifuata. Tulisoma darasa moja na kufanya mtihani mmoja. Masista waliotufundisha walikuwa na nafasi moja tu ya kumpeleka msichana kusomea uuguzi ng'ambo, na ilimwangukia yeye. Nilimbebea sanduku hadi stendi, nikacheka naye, nikampungia mkono. Basi lilipopotea machoni nilikaa kwenye ukuta wa stendi nikashindwa kunyanyuka. Sikumtakia mabaya. Nilitaka tu niwe mimi niliye dirishani.

Miaka ile ya tisini nilijitafutia kazi yangu. Nilikuwa na chumba mjini Shinyanga, narekodi harusi na ubatizo kwa kamera kubwa ya kubeba begani, kisha nahariri kwa deki mbili nilizozifunga waya, moja inasoma na nyingine inanakili. Mama yetu alikuwa Katoro, anauza mchele sokoni. Kila nikipata nafasi nilikwenda kumwona. Nikimpikia, atasema Doto alikuwa anakipenda sana chakula hiki. Nikimpeleka zahanati, atamsimulia nesi kwamba ana binti nesi huko mbali. Mimi nimekaa pembeni, nimeshika kadi yake.

Basi siku moja kanda ya harusi ya Doto ikafika kwenye sanduku langu la posta. Katika kazi ile hakuna kanda iliyotoka chumbani kwangu kabla sijaijaribu, hata iwe ya mtu nisiyemjua. Ile sikuijaribu. Sikuweza kukaa peke yangu nimtazame Doto amevaa gauni jeupe. Niliifunga kwenye kanga, nikapanda basi la Kahama, nikaipeleka Katoro vile vile ilivyofika.

Baba Shija alikuwa mwenye banda, na kwa heshima ya mama hakumtoza mtu siku hiyo. Aliwasha jenereta, akaisukuma kanda ndani ya deki. Kwenye kioo ikatokea michirizi, nyeusi na nyeupe, picha inapanda juu na kukatika, inapanda na kukatika. Sauti ilikuwa nzito, ya kuburuta. Doto aliposema neno alisikika kama mzee aliyeamshwa usingizini. Vijana nyuma wakacheka. Mama hakucheka.

"Deki yangu ni nzima," Baba Shija akasema, akaweka kanda yake nyingine. Ikaonyesha bila tatizo.

Shangazi Minza, dada yake marehemu baba, akanigeukia.

"Kulwa, kanda hii ilipita kwa nani kabla ya kuja hapa?"

"Kwangu, shangazi."

"Na wewe ndiye fundi. Ulipoijaribu kwako, ilisoma?"

"Sikuijaribu."

"Fundi hakuijaribu kanda ya pacha wake." Alilisema neno hilo polepole, akahakikisha limefika hadi kwenye mabati ya nyuma.

Sikuwa nimeiharibu kanda ile. Lakini picha ilipovurugika kuna kitu ndani yangu kilitulia, na nilihisi kila mtu mle bandani amekiona. Mama aliinuka, akaichukua kanda kwa Baba Shija, akanikabidhi. "Rudi nayo Shinyanga," alisema. "Nataka kumwona mwanangu." Neno hilo, mwanangu, lilinichoma, nami nimesimama mbele yake.

Njiani nilijiapiza kwamba kanda ile itasoma, si kwa kumpenda Doto siku hiyo, nisikudanganye, bali ili shangazi anyamaze.

Nilianza na mashine zangu. Nikasafisha vichwa vya deki kwa pamba na spiriti, nikajaribu, michirizi ile ile. Nikahamia deki ya pili, michirizi ile ile. Nikafungua kifuniko cha kanda, nikaukagua utepe kwenye mwanga wa dirisha, nikitafuta ukungu au mkunjo. Ulikuwa safi kabisa. Hapo ndipo nilipoacha kuhangaika na mikono, nikakaa chini kusikiliza. Kanda iliyoharibika sauti yake hupanda na kushuka, inalegea hapa na kukaza pale. Ile ilikuwa nzito kwa kipimo kimoja, mwanzo hadi mwisho. Haikuwa imeumia. Ilikuwa imeandikwa kwa namna ambayo mashine zangu hazikufundishwa kuisoma.

Nikamkumbuka Mama Jayesh. Familia yake ilikuwa na duka la vitambaa karibu na soko la Shinyanga, na nilikuwa nimerekodi harusi ya binti yake. Mwanawe Jayesh alikuwa amehamia Kanada, na siku ile ya harusi niliona kabatini kwao kanda alizowatumia. Nikaenda.

"Shikamoo, Mama Jayesh."

"Marahaba, Kulwa. Mbona uso umekuwa mdogo?"

Nilimweleza habari ya kanda. Akatikisa kichwa kama mtu anayesikia ugonjwa aliowahi kuugua mwenyewe. "Mfumo wa video wa kule si wa huku. Ya kwanza ya Jayesh ilitufanyia hivyo hivyo, nikalia nikidhani imelowa njiani. Mume wangu akaagiza deki inayosoma mifumo yote. Ilete hapa."

Kwenye deki yake picha ilisimama imara, na rangi zake. Nikafunga waya ili deki yangu inakili. Nilichokipata kilikuwa michirizi tena, maana deki yangu ilikuwa inapokea lugha ile ile isiyoijua. Mwishowe tulifunga mapazia, nikaweka kamera yangu kwenye stendi ya miguu mitatu mbele ya televisheni, nikairekodi harusi kutoka kwenye kioo. Ukanda mweusi ulikuwa unatembea juu ya picha. Nikabadilisha kasi ya kamera hadi ukafifia. Tulikubaliana kutosema neno ili sauti zetu zisiingie.

Hivyo, mwanangu, nililazimika kuitazama harusi ya Doto yote, jicho limebanwa kwenye kitundu cha kamera.

Nilikuwa nimejitayarisha kuumia. Gauni lilikuwa zuri, ndiyo, na bwana harusi alikuwa na uso wa upole. Lakini upande wa bwana harusi watu walikaa bega kwa bega, na upande wa Doto viti vilikuwa vitupu, isipokuwa wasichana wachache waliovaa kama watu waliotoroka zamu hospitalini. Walipoitwa wazazi wa bibi harusi akasimama mama mmoja wa makamo nisiyemjua. Shela ya Doto ilikuwa imelegea, na mama huyo akaifunga upya. Doto aligeuka kutazama mlangoni, kisha akageuka tena.

Nilipozima kamera nilikuwa na furaha mbaya. "Sikati hata kidogo," nilimwambia Mama Jayesh. "Watu wa Katoro waone ukumbi wa Marekani ulivyokuwa mtupu."

Alifungua pazia moja, akakaa kwenye kiti chake. Hakupandisha sauti.

"Jayesh alioa kule, mimi nikiwa hapa hapa. Kiti hiki. Kulwa, sikutazama ukumbi. Nilitafuta nani alimlisha siku ile, nani alimfuta jasho. Wewe umemwona dada yako anatazama mlango, na unafurahi?"

Nilianza kuifungua kamera kwenye stendi yake.

"Usikate," akaendelea. "Hilo umesema vizuri. Ila ujue unampelekea nani. Mama yako hatahesabu viti."

Nilikunja waya zangu macho yananiwasha. Sitasema wivu uliisha pale. Ulibaki, lakini ulikuwa umekosa pa kukaa.

Nilirudi Katoro nikimwomba mama tuitazame wawili tu. Alikataa. "Walikuwepo ilipokataa," alisema, "na wawepo inapokubali." Banda likajaa tena. Picha haikuwa kali, rangi zilikuwa zimepauka, lakini Doto alikuwa Doto, na sauti ilikuwa yake. Mama alianza kumwitikia kila alipozungumza, kama yuko jikoni.

Ikafika sehemu ile ya wazazi wa bibi harusi. "Nani huyu?" mama akauliza.

"Simfahamu, mayu," nikamjibu, kwa neno letu la kumwita mama. "Alisimama mahali pako."

Mama akamwomba Baba Shija arudishe nyuma kidogo. Akatazama tena mikono ya yule mama inavyoikaza shela. "Anamfunga vizuri," alisema. "Hakumvuta nywele." Kisha akajifuta macho kwa ncha ya kanga, akanigeukia. "Kulwa, kamera umekuja nayo? Na mimi nataka anione. Na wewe uingie."

"Mimi narekodi, mayu."

"Baba Shija atashika. Kila siku uko nyuma ya hicho kidude, mtu atakuonaje?"

Basi nikaingia. Baba Shija alitetemesha kamera hadi aibu. Alinirekodi nikimwagia mama maji ya kunawa, tukila, mama akinitania kwamba ugali wangu ni mlaini. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuonekana kwenye kanda. Shangazi Minza alisogea akasimama nyuma yangu, akaweka mkono begani. Hakuomba radhi, wala sikumdai.

Tulimtumia Doto kanda yetu, naye akaipeleka kwa watu wa kugeuza mifumo huko kwao. Miaka ilipita ndipo alipokuja nyumbani, na tukiwa tunachambua mchele mlangoni kwa mama akanieleza alivyoitazama. Alifika pale ninapomnawisha mama mikono, akazima televisheni. "Sikuweza," aliniambia. "Nilikuonea wivu, Kulwa. Nilikaa wiki nzima sijaiwasha tena. Nilijiuliza kwa nini wewe umebaki na mama na mimi nimepewa ndege." Tulitazamana, sura moja, watu wazima wenye watoto, kila mmoja akiwa amelilia sahani ya mwenzake.

Sasa sikiliza, mwanangu. Faili hilo usilitupe wala usilibadilishe jina ukidhani umelitengeneza. Weka nakala ya asili pembeni. Lifungue kwenye programu nyingine ya kuchezea video uone kama picha na sauti vipo. Vikiwepo, faili ni zima, na programu yako ndiyo isiyojua lugha yake. Ligeuze kwenda aina inayokubalika. Likikatika katikati, huenda halikumaliza kupakuliwa, lipakue upya. Jaribu kitu kimoja kimoja, na ujaribu mapema, kabla watu hawajakaa kwenye viti.

Na yule mwenzako, mpigie umuulize kwa heshima video ilirekodiwa kwa kifaa gani. Hilo ni swali la fundi. Ulilotaka kumuuliza jana lilikuwa la shangazi Minza. Wivu ukikujia usijifanye huna. Mimi niliufunga ndani ya kanga pamoja na kanda, na kidogo unifedheheshe milele. Utambue, kisha ufanye kazi vizuri hata ukiwa nao. Huyo unayemwonea wivu sijui anakuona wewe vipi, na wewe pia hujui.

Mungu akutulize moyo kwanza, kisha akuzidishie kazi. Akupe wenzako wa kuwauliza unapokwama, na akufanye nawe mtu wa kuulizwa. Nenda na baraka zangu, na za mama yangu aliyelala Katoro.