Ukurasa wa Kwanza wa Mtihani

Saa moja na dakika arobaini asubuhi, siku ya Jumamosi, mwalimu mkuu wa shule moja ndogo ya binafsi huko Mengo alimpokea binti yetu langoni, akamwonyesha dawati la mwisho karibu na dirisha. Wanafunzi wake wa darasa la saba walikuwa wamevaa sweta za kijani. Wetu alivaa gauni la nyumbani. Hakuwahi kufanya mtihani mbele ya mtu asiye mzazi wake.

Tulikuwa tukiwasomesha watoto wetu wawili nyumbani, Kansanga, kwa mwaka wa nne. Mke wangu, aliyekulia katika kambi ya polisi, aliwafundisha Kiingereza na maarifa ya jamii. Mimi hesabu na sayansi. Mimi shule niliishia darasa la saba. Mengine nimeyapata vitabuni, nikiwa nyuma ya kaunta ya duka langu la vipuri.

Mkubwa, binti huyu, alikuwa amefikia mtihani wa taifa, na mtihani huo haufanywi nyumbani: lazima shule ikubali kumsajili. Shule nyingi hukataa. Mtoto wa nje akianguka huwashushia wastani, na wastani ndio wanaoutundika kwenye bango barabarani. Huyu mwalimu mkuu alikubali kwa sharti. Tumletee matokeo ya mtihani wowote tunaouamini, usiosahihishwa nyumbani, alama sabini au zaidi kwa kila somo, kabla usajili haujafungwa mwisho wa mwezi. Tukishindwa, mtoto angengoja mwaka mzima.

Mke wangu alitaka mtihani wa ng'ambo unaofanywa kwenye kompyuta. Laki tano za kuulipia alikwisha kuziweka kando, kwenye droo ya duka langu.

"Ule unakubalika dunia nzima," alisema. "Wewe unataka mtoto asahihishwe na walimu wa Mengo wenye hasira ya mshahara?"

"Ndiyo. Wenzao wenye hasira ileile ndio watakaomsahihisha mwisho wa mwaka."

"Mzee, sema tu wewe ni bahili."

Haukuwa ubahili. Nilikuwa nimekaa na maswali ya mfano ya kila mtihani na kujiuliza jambo moja: ukiisha, utaniambia nini nisichokijua? Wa kompyuta ulimpa mtoto majibu manne achague. Kama anajua kuandika njia ya hesabu, haungeniambia. Ile mitihani inayouzwa kwenye maduka ya vitabu huja na majibu yake katika bahasha moja, na ningesahihisha mimi, ambaye tayari najua binti yangu alikusudia kuandika nini. Ukabaki mtihani wa majaribio wa shule yenyewe, shilingi elfu ishirini, karatasi nne kwa siku moja.

Jumatano baada ya mtihani huo wa Jumamosi, mwalimu mkuu akatuita sote watatu. Kiingereza sabini na nane, sayansi themanini na moja, maarifa ya jamii sabini na nne. Hesabu sifuri.

Mke wangu akanigeukia.

"Majibu yake ni mazuri," mwalimu mkuu alisema. "Nimeyapitia mwenyewe, angepata themanini na tisa. Lakini ameandika penseli mwanzo hadi mwisho. Mzee, soma hapa."

Aligeuza karatasi hadi ukurasa wa kwanza, ule wa maelekezo. Majibu yote yaandikwe kwa wino. Penseli ni ya michoro tu.

Nyumbani masomo mengine yaliandikwa kwa biki, lakini hesabu tulizifanya kwa penseli ili karatasi ifutwe, mdogo aitumie tena. Na kwenye mashine ya kopi, mitihani ya zamani nilikuwa nikiianzia ukurasa wa pili. Ule wa kwanza hauna swali hata moja. Sikuona sababu ya kuulipia.

"Baba," binti yangu alisema, "mimi nilidhani huo ukurasa ni wa kuandika jina tu."

Mwalimu mkuu akacheka hadi akavua miwani. "Mtu wa vipuri! Wateja wako nao unawanyofolea ukurasa wa maelekezo?"

"Huyo?" mke wangu akadakia. "Huyo angewauzia hata boksi tupu kando."

Niliwaacha wacheke. Mtihani ulikuwa umenionyesha kitu ambacho kompyuta isingekigusa, na umenionyesha mapema. Niliomba nafasi nyingine kabla ya mwisho wa mwezi, tukapewa, kwa ada ileile.

Siku zilizofuata nilificha raba. Nilitegemea kazi nyepesi, lakini kwenye hesabu binti yangu alishika biki na kukaa nayo hewani, akiogopa kuandika kitu kisichofutika. Nilimfundisha kukata kosa kwa mstari mmoja, aendelee mbele bila kuligeukia. Mdogo wake naye akapewa biki. Kila karatasi niliyotoa kopi ilianza na ukurasa wa kwanza, na mtoto aliusoma kwa sauti kabla ya kugusa swali.

Mara ya pili alipata sabini na tatu katika hesabu. Zilikuwa chache kuliko zile za penseli, lakini zilikuwa zake, na zilitosha. Mwalimu mkuu alimsajili mchana uleule, na binti yangu akaweka sahihi yake mwenyewe, kwa wino, bila kusita.

Kwenye boda mke wangu aliniuliza laki tano zake ziko wapi. Nilikata ada mbili za majaribio na biki mbili za elfu moja moja. Zilizobaki nilimrudishia mkononi: shilingi laki nne na elfu hamsini na nane.