Shuka Nyeupe Sakafuni

Kazi yangu ni mbu. Juzi huko Nakwa nilikuwa natandika shuka nyeupe sakafuni, ili tukishapuliza dawa tuokote mbu watakaoanguka, ndipo nikamwona msichana amesimama nje na ndoo ya maji. Haingii.

Niliijua hofu ile. Asubuhi moja utotoni, kwetu Bagara, nilitumwa maziwa, nikamwacha mdogo wangu Daudi anachemka kwa homa. Niliporudi, viti na magodoro vilikuwa uani na majirani wamesimama wananong'ona. Ndani, wageni walikuwa wakitandika shuka nyeupe. Wakafunga mlango, na harufu kali ikatoka. Kwetu vitu vilitolewa nje namna ile siku ya msiba tu. Nikabaki nimesimama uani na jagi la maziwa.

Kisha mama akatokea nyuma ya nyumba, Daudi mgongoni, analia.

"Mbona umeganda? Lete maziwa!"

Sijasikia tena kilio kitamu kama kile.

Basi nikaziacha shuka, nikamwita mwenye nyumba, aliyekuwa nyuma na familia yake. "Mama, njooni wote huku mbele kwanza. Mtoto awaone."