Jino la Mama Mdogo Robi

Nilikuwa bado mtoto wa darasa la pili hivi, dhahabu ilipopamba moto kwetu Kerende. Watu waliacha mahindi shambani wakakimbilia maduara, yale mashimo ya kuchimbia, na kila nyumba ilingoja bahati yake. Bahati ikapita mlangoni kwetu, ikaingia kwa mama mdogo Robi.

Robi alikuwa mdogo wa mama, tumbo moja, ameolewa nyumba ya jirani. Mumewe, baba mdogo Mwita, alipata mwamba mzuri. Baba yangu alichimba karibu yake akaambulia udongo. Ndani ya msimu mmoja, kwa Robi kukawa na bati, redio kubwa na magodoro. Binti yao Nyangi, rika langu, alivaa viatu vyeupe hata akienda kuchota maji, nami nilitembea nyuma yake nikiomba ateleze matopeni. Mama hakuomba chochote kwa sauti. Alisonga ugali akitazama ile nyumba, na mwiko ukagonga sufuria kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Kisha Robi akavuka Sirari, akaenda Kenya kwa fundi wa meno, akarudi na jino la dhahabu. Akaanza kucheka hata mambo yasiyochekesha. Siku aliyokuja kutuonyesha, mama alisema, "Limekupendeza," akaingia jikoni, akakaa humo.

Bibi, mama yao, ndiye hakusifu. Alimshika Robi kidevu, akamfungua mdomo kama anayekagua ng'ombe wa mahari. Kuzunguka lile jino fizi zilikuwa zimevimba, nyekundu, zinatoa damu.

"Kitoe hiki kitu, Robi. Dhahabu imetoka chini, haijazoea kukaa na watu. Inakunywa damu yako. Ikishiba itakushukia kifuani."

"Mama, na wewe! Hayo ni maneno ya wenye wivu," Robi akajibu, macho yake yakielekea jikoni.

Kiangazi kile yakaja mafua makali. Karibu kila nyumba ilikohoa. Sisi tuliugua, tukapona, tukarudi shule. Robi yakamzidi. Akawa anahema kama aliyepanda mlima na mzigo kichwani, na damu ya fizi ikimchafulia mto.

Watu wakasema ni jicho la husuda. Hawakuuliza la nani, maana kijiji kizima kilijua jinsi mama alivyomtazama mdogo wake. Mama alipompelekea uji, baba mdogo Mwita alimzuia langoni.

"Shemeji, rudi nao. Umemtazama mwenzako mpaka umemlaza."

Mama yangu, ambaye sokoni hakuna aliyemweza kwa maneno, hakujibu. Alirudi, akaumwaga ule uji kwa kuku, akaketi. Tangu siku hiyo wanawake kisimani walisogeza ndoo zao akifika, na baba akaanza kuzungumzia kuhamia kwa ndugu zake Nyambureti. Mimi, pamoja na hayo yote, niliendelea kumwonea wivu Nyangi: sasa kila anayepita alimpa yai, akamshika kichwa, akamwita maskini.

Bibi ndiye aliyesimama katikati. Aliingia kwa Robi bila kubisha hodi, nasi watoto tukachungulia dirishani.

"Mwita, unatafuta jicho nje na lenyewe limo mdomoni mwa mkeo. Mpeleke hospitali. Na hiki kitu kitoke."

"Mama, mimi namjua aliyemfanyia."

"Na mimi nimewazaa wote wawili," bibi akasema. "Tafuta gari."

Hospitali walisema ni nimonia. Robi alilazwa muda mrefu, bibi akimsukutua kwa maji ya chumvi kila asubuhi. Alipopata nguvu waling'oa lile jino pamoja na meno mawili ya jirani yake. Akarudi amekonda, anacheka ameziba mdomo kwa kanga. Mwita hakuomba radhi, lakini hakuzuia tena mtu langoni, na habari za Nyambureti zikaisha.

Nimekuwa mtu mzima, nina watoto. Mwaka jana nilimpeleka mmoja kwa daktari wa meno mjini Tarime, nikamsimulia kisa hiki kama kichekesho. Hakucheka. Alisema vijidudu vya fizi mbovu huweza kuvutwa na pumzi hadi mapafuni, na virusi vya mafua vikiwa vimeshadhoofisha njia ya hewa, huenda vijidudu hivyo vikauzidisha ugonjwa. "Bado wanachunguza," alisema. "Siwezi kuapa kwamba ndivyo ilivyokuwa kwa mama yako mdogo."

Nilikwenda kwa mama, nikamkuta anapepeta nafaka ya wimbi. Nikamweleza yote. Mikono yake ikasimama.

"Kwa hiyo si mimi?"

Miaka yote hiyo nilidhani alinyamaza langoni kwa sababu ya kutukanwa. Kumbe alinyamaza kwa sababu alimwamini Mwita. Alikuwa amejichunguza, akaukuta wivu umo kweli, na hakuwa na namna ya kujua ulikuwa na nguvu kiasi gani.

"Si wewe, mama."

Akapepeta kidogo, makapi yakaruka.

"Lakini wivu nilimwonea," akasema. "Huo daktari wako asiutafutie jina lingine."

Nilitamani kumwambia kwamba kumwonea mtu wivu na kumletea ugonjwa ni vitu viwili tofauti. Nikaona ameshaanza kulielewa hilo, polepole, kwa namna yake, nikachukua ungo wa pili nikakaa karibu yake.