Kalkuleta ya Mama Nesi

Watu wa Kibirichia hawakosi la kusema. Veronicah alipostaafu unesi, mwaka wa tisini na tatu, walisema atakondeshwa na uvivu. Uvivu! Mwanamke yule hakuwa na uvivu hata wa kupiga chafya. Kilichomkondesha ni kwamba hakuna mama mjamzito aliyebisha mlangoni kwake tena. Miaka yote hiyo kapokea watoto wa watu, leo anapalilia viazi na kunyamaza. Alijiona ametupwa, na ilimuuma.

Kutoka kazini alibaki na kalkuleta. Si hizi za dukani, la hasha. Hii ilitengenezewa madaktari: ina kibonye cha kupima dawa kwa uzito wa mgonjwa, na kingine cha wajawazito. Unaingiza tarehe ya hedhi ya mwisho, nayo inakupa siku ya kujifungua. Alipewa na daktari mgeni aliyekuwa akirudi kwao, akaambiwa aitunze sana, kwani zilitengenezwa chache na kiwanda kilishaacha. Veronicah aliifunga kwa leso akaiweka kabatini.

Aliyeitoa kabatini ni ng'ombe, amini usiamini. Jirani yake Mutugi alikuwa na ng'ombe wa gredi, wale wa maziwa mengi, naye kuhesabu miezi kulimshinda. Kila mara alimkamua mpaka siku za mwisho za mimba, ndama akazaliwa mnyonge. Akaja, kofia mkononi, kuuliza kama ile mashine ya akina mama haiwezi kumsaidia. Veronicah alikasirika kwelikweli. Alimuuliza kama anamwona yeye ana mkia. Lakini Mutugi alipofika langoni, mama akafikiri: mimba ya ng'ombe na ya binadamu hazipishani sana, zote ni miezi tisa na siku kidogo. Akamwita arudi. Wakaingiza tarehe ambayo ng'ombe alipandishwa, naye akamwambia ni lini aache kumkamua. Ndama alizaliwa wiki ileile iliyotajwa na kalkuleta, mnene, anapiga mateke.

Basi, habari huku hazingoji redio. Kila Jumapili baada ya kanisa watu walijaa uani, kila mmoja na tarehe ya ng'ombe wake. Wakambatiza Nesi wa Ng'ombe. Alicheka nao, maana kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Aliridhika, au tuseme alikaribia kuridhika. Ng'ombe ni ng'ombe, hakuambii usiku amelalaje.

Ndipo Julai moja alipokuja Gatwiri, peke yake, siku ya kazi. Alikuwa ameolewa kwa kina Mukiri, na mimba mbili zilikuwa zimeharibika. Kwetu mwanamke hatangazi mimba, tumbo hujitangaza lenyewe, na aliyepoteza hathubutu hata kuihesabu asije akaita mikosi. Gatwiri alikaa ukingoni mwa kiti, akasema ng'ombe wao amepandishwa, akataja tarehe ya mwezi wa tatu.

Veronicah alishika kalkuleta, akasita. Kufikia hapo hapakuwa na ng'ombe Kibirichia asiyemjua, na kwa kina Mukiri walifuga kondoo tu. Huyu hakuja kwa ajili ya mnyama yeyote. Ameleta tumbo lake mwenyewe, na hana ujasiri wa kulitaja.

Hakumuumbua. Alibonyeza tarehe.

"Ni Desemba, kabla ya Krismasi," alisema. "Lakini huyo ng'ombe asibebe tena magunia ya viazi. Na nataka kumwona kila mwezi, umenisikia? Huyo si wa kuachwa hivihivi."

Gatwiri aliinamisha kichwa.

"Siku ikifika," aliuliza, "utakuja, mama?"

"Nitakuja, mwanangu. Tutaenda hospitali pamoja, na sitabanduka mpaka nimsikie mtoto analia."

Gatwiri akalia, na katikati ya kulia akacheka, kisha akaanza kufungua vifungo vya sweta ili ashikwe tumbo. Furaha ilimjaa Veronicah. Aliweka kalkuleta mezani, akaisugua mikono yake kwanza ipate joto, maana Julai ya Kibirichia ni baridi, na mama mjamzito hashikwi kwa mikono baridi.